Kasuku Mwenye Gitaa

Kuna ngoma moja ambayo karibu kila mtu wa rika langu anaijua na wachache sana wanajua jina lake. Iweke kwenye matatu jioni, sauti juu, na kabla sekunde tano kuisha utaona vichwa vinaanza kutikisika. Gitaa zito linakimbia kama mtu anayeshuka ngazi gizani, halafu ngoma zinaingia, halafu kuna mtu anapiga ukelele. Mmoja atakwambia hiyo ni "Pump It" ya Black Eyed Peas. Mwingine, yule anayejiona mjuzi wa filamu, atamkatiza: wapi bana, hiyo ni ya Pulp Fiction, pale mwanzo majina yanapopita. Nimeshuhudia ubishi huo zaidi ya mara moja na sijaona aliyeshindwa, kwa sababu wote wawili wanasema kweli.

Wimbo wenyewe unaitwa "Misirlou". Pulp Fiction ya 1994 iliuchukua kwa Dick Dale, mpiga gitaa wa California aliyeurekodi mwaka 1962. Black Eyed Peas nao wakaukata kipande wakajengea ngoma yao, ikatoka kwenye albamu ya 2005. Sawa. Lakini Dick Dale naye hakuutunga. Aliuchukua mahali, na aliyekuwa nao kabla yake pia aliuchukua mahali.

Muziki aliokuwa akiupiga Dale ni wa gitaa usio na mwimbaji. Ulizaliwa pwani ya California mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa vijana waliokuwa wakishinda baharini juu ya mbao, wakiteleza na mawimbi, na usiku wakienda kucheza dansi. Wenyewe waliuita surf. Mimi nitauita muziki wa mawimbi, maana ndivyo unavyosikika: gitaa la umeme linapitishwa kwenye kisanduku chenye springi ndani, sauti inatoka imelowa, ina mwangwi kama uko ndani ya pango lenye maji. Wengi waliopiga muziki huu walikuwa watoto wa shule. Na tangu mwanzo ulikuwa muziki wa utani na wa kuazima. Sikiliza "Wipe Out" ya The Surfaris, 1963: inaanza na mlio wa ubao unaovunjika, halafu kicheko cha kiwendawazimu, na ndipo muziki unaingia. Zile ngoma maarufu za katikati, ambazo kila mtoto amewahi kuzigonga kwenye dawati, zilitokana na midundo ya gwaride la bendi ya shule. Wimbo ulirekodiwa uwe upande wa pili wa santuri, yaani wa kujazia tu. Leo upande wa kwanza unakumbukwa na nani?

Basi swali langu ni hili. Muziki unaocheka na kuiga kwa pamoja unastahili kuheshimiwa kwa kiasi gani? Silitoi hewani. Nina deni nalo.

Mjomba wangu alipiga kinanda kwenye bendi ya taarab ya maarusi huko Mombasa kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya nyimbo walizopiga zilikuwa na mahadhi ya sinema za Kihindi. Mashairi ni ya Kiswahili, mazito, yenye mafumbo ya kutosha kumfanya mtu atoke ukumbini na hasira, lakini tuni ni ya Bombay. Si wao tu. Marehemu Juma Bhalo, ambaye jina lake linajulikana kote pwani, alijijenga kwa mtindo huohuo, na baadhi ya maneno aliyoimba yalitoka kwa mshairi Ahmad Nassir, si mtu wa kudharauliwa. Lakini kuna watu mtaani waliokuwa wakimwita mjomba "kasuku wa sinema". Yeye alikuwa akicheka.

Mimi sikucheka. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nimejaa nadharia kichwani, nilimwambia mezani mbele ya watu kwamba kile alichokuwa akikifanya ni kopi tu, na kwamba msanii wa kweli hutunga chake. Mjomba alimaliza wali wake, akanawa mikono, akaniambia, "Haya, mwanangu, umesoma." Hakurudia tena mazungumzo hayo. Mimi ndiye ninayeyarudia, miaka yote hii, kila ninapojipata napenda kitu ambacho ni kopi.

Na nakiri, napenda kopi hizi. Mfano wa kwanza: The Ventures. Walianzishwa na mafundi wawili wa ujenzi kutoka Tacoma, jimbo la Washington, mbali na fukwe za California. Mwaka 1960 walitoa "Walk, Don't Run", ikafika namba mbili Marekani, na vijana wengi wakanunua gitaa kwa sababu yake. Wimbo huo ulitungwa na Johnny Smith, mpiga gitaa wa jazi, mwaka 1954. Chet Atkins akaupiga kwa mkono wake. Ventures wakausikia kwa Atkins, wakaona vidole vyao haviwezi mambo yale, wakaurahisisha. Kurahisisha huko ndiko kulikouuza. Mtu aliyekuwa hawezi kabisa kumfuata Smith aliweza kuwafuata Ventures baada ya mwezi mmoja wa kujifungia chumbani.

Mwaka 1965 wakatoa albamu ya Krismasi, na hapo ndipo utani wao ulipopevuka. Kila wimbo wa Krismasi unaingizwa kwa kipande cha wimbo mwingine uliokuwa ukijulikana. Unasikia gitaa la "I Feel Fine" ya Beatles, unajiambia aa, Beatles, kumbe ni Rudolph yule paa mwenye pua nyekundu. Unasikia "Tequila", unajiandaa kupiga makofi, kumbe ni Frosty wa theluji. Kwenye "Sleigh Ride" wanaazima kutoka kwao wenyewe: wanaanza na "Walk, Don't Run", wimbo ambao nao waliuazima. Utani juu ya utani.

Niliisikia albamu hii kwa mara ya kwanza mwezi wa kumi na mbili, Nairobi, nimetoka supermaketi. Unajua hali ya wakati huo. Jua linawaka, foleni ya malipo imefika kwenye rafu za sabuni, watu wamebeba mchele na mafuta ya kupeleka nyumbani, na juu ya vichwa vyetu spika inaimba habari za theluji. Tumezikariri nyimbo hizo bila kuona theluji hata siku moja. Kwa hiyo nusu ya utani wa Ventures ilinifikia na nusu ikanipita. Rudolph nilimjua. Beatles niliwajua kidogo. "Tequila" ilibidi nikaitafute. Hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: utani wa aina hii hauko kwenye gitaa, uko kwenye kumbukumbu ya msikilizaji. Mpigaji anaweka mguu mmoja juu ya kitu unachokijua na mguu mwingine juu ya kitu kingine unachokijua, na wewe ndiye daraja. Kama hukijui kimoja, anatumbukia majini.

Ndiyo maana muziki wa namna hii huzeeka vibaya. Ventures wenyewe walirekodi albamu nyingi mno, na nyingine ni nyimbo zilizovuma mwaka ule zikapigwa kwa gitaa badala ya sauti ya mtu. Nimejaribu kuzisikiliza. Wimbo wa tatu unaanza kuangalia simu. Wimbo uliokuwa na maneno, ukiyatoa maneno na usiweke kitu mahali pake, unabaki ule muziki wa lifti. Siku hizi hali ni mbaya zaidi, maana kila mwenye gitaa na kisanduku cha mwangwi amegundua kwamba unaweza kuchukua wimbo wa katuni au wa filamu, ukaupiga mbio, ukaongeza ukelele, na watu watacheka. Watacheka mara moja.

Kuna pia upande ambao si wa kuchekesha. Muziki wa mawimbi uliishi jirani na nyimbo zenye maneno za vijana walewale, na huko kuazima kuligeuka kitu kingine. "Surfin' USA" ya Beach Boys, 1963, ina mahadhi ya "Sweet Little Sixteen" ya Chuck Berry, na ilipotoka jina la Berry halikuwepo kwenye santuri. Liliwekwa baadaye. Mwaka huohuo The Trashmen wa Minneapolis walitoa "Surfin' Bird", wimbo wa kijinga kwa maana nzuri ya neno hilo, nami huupenda. Lakini wimbo huo ni nyimbo mbili za The Rivingtons zilizounganishwa, na ilibidi wanasheria waingilie kati ndipo Rivingtons wakatambuliwa kama watunzi. Chuck Berry alikuwa mtu mweusi. Rivingtons walikuwa watu weusi. Vijana waliokuwa wakichezacheza na mali yao walikuwa weupe. Mtu akikwambia "tulikuwa tunatania tu", muulize jina la mwenye mali liliandikwa wapi na hundi ya pesa ilienda kwa nani. Hapo utani huisha haraka.

Kwa hiyo nilikuwa na vipimo viwili mkononi: je, kuna kilichoongezwa, na je, mwenyewe ametajwa? Nilidhani vinatosha. Halafu nikarudi kwa "Misirlou", vikanivunjikia vyote viwili.

Nianze na mwenyewe. Jina "Misirlou" linatokana na neno la Kituruki lenye maana ya mtu wa Misri, na sikio la Kiswahili halihitaji kamusi hapo, Misri imo ndani ya jina waziwazi. Ni wimbo wa mapenzi kuhusu msichana wa Misri. Rekodi ya kwanza inayojulikana ilifanywa na Mgiriki, Tetos Demetriades, huko New York mwaka 1927. Mgiriki mwingine, Nick Roubanis, aliutoa kama muziki wa kijazi mwaka 1941 na jina lake likawekwa kama mtunzi. Lakini wimbo ulikuwa ukizunguka mashariki mwa Mediterania kabla yao. Wagiriki wanao, Waturuki wanao, Waarabu wanao, Waarmenia wanao, Wayahudi wanao, na kila mmoja atakuapia kwamba ni wa bibi yake. Mtunzi wa kwanza hajulikani. Sasa nani wa kulipwa? Nani wa kutajwa?

Halafu njoo kwa Dale. Jina lake la kuzaliwa ni Richard Monsour, alizaliwa Boston mwaka 1937, na ukoo wa baba yake ulitoka Lebanon. Mjomba wake alikuwa akipiga udi. Kijana alijifunza midundo kwenye ngoma ya Kiarabu, ile ya kupakata, kabla ya kuhamia gitaa. Alikuwa wa mkono wa kushoto na hakubadilisha mpangilio wa nyuzi, aligeuza gitaa tu, nyuzi nene zikawa chini. Familia ikahamia California, na kuanzia 1961 akawa anajaza ukumbi wa Rendezvous pale Balboa kwa maelfu ya vijana. Alipiga kwa nguvu mno kiasi kwamba spika zilikuwa zikiungua, na Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa, alilazimika kumuundia amplifaya kubwa zaidi mpaka ikapatikana moja iliyovumilia.

Dale alisimulia mara nyingi kwamba kijana mmoja alimuuliza kama anaweza kupiga wimbo mzima kwa uzi mmoja tu. Akasema anaweza, akaenda nyumbani, akakosa usingizi. Ndipo akamkumbuka mjomba wake na udi, na "Misirlou". Kesho yake aliupiga, ila aliongeza mwendo, mbio, mbio zaidi, mkono wa kushoto ukitetemeka juu ya uzi bila kupumzika.

Ukitaka kusikia alichokifanya, achana kwanza na mbio. Sikiliza kupanda na kushuka kwa sauti. Kuna hatua ndogo, halafu ruko kubwa lisilotarajiwa, halafu hatua ndogo tena. Ruko hilo ndilo linalofanya nywele zisimame. Waarabu wana jina la mpangilio huo, hijazi, na mtu aliyekulia pwani yetu ameusikia maisha yake yote hata kama hajui unaitwaje. Baadhi ya waadhini huutumia alfajiri. Udi wa Zein l'Abdin umejaa huo. Taarab ilifika Unguja kutoka Misri enzi za Sultani Barghash, ikashuka na kupanda pwani nzima, na vinanda na maqamu zilikuja pamoja nayo. Kwa hiyo Dale, akiwa kwenye ukumbi wa vijana wa Kimarekani wenye mchanga miguuni, alikuwa akipiga kitu ambacho binamu zake wa mbali walikuwa Mombasa. Wale vijana walidhani wanasikia bahari ya Pasifiki. Mimi nikiusikia namwona mwanamke wa Old Town anafungua dirisha.

Hiyo ndiyo tofauti yake na mzaha wa Krismasi. Dale hakuokota wimbo wa kigeni apate kuchekesha. Aliutoa nyumbani kwao, akauvalisha nguo za vijana, akaupitisha mlango wa mbele bila mtu kuuliza. Mwaka 1963 akarekodi "Hava Nagila" kwa mtindo huohuo, na sikio linasikia ukaribu wa nyimbo hizo mbili, chochote kile wanasiasa watakachosema. Alifariki mwaka 2019. Mpaka uzeeni alikuwa akipanda jukwaani, mkono ule ule.

Japani kuna kisa kinachofanana na hiki. Ventures walipozuru huko mwaka 1965, nchi ilipatwa na homa ya magitaa ya umeme, mpaka baadhi ya shule zikayapiga marufuku. Mpigaji hodari kuliko wote alikuwa Takeshi Terauchi. Mwaka 1967 alitoa "Let's Go Unmei", Simfoni ya Tano ya Beethoven ikipigwa na gitaa la mawimbi. Zile noti nne za kubisha hodi zinaingia kwa uzito wote, unakaa wima kama uko kwenye ukumbi wa heshima, halafu ngoma zinaanza kukimbia na heshima yote inapotea. Ni ya kuchekesha kweli. Lakini Terauchi huyohuyo alichukua pia nyimbo za asili za Japani, kama zile za Tsugaru zinazopigwa kwa shamisen, kinanda cha nyuzi tatu kinachokwanyuliwa kwa kasi na kwa kugonga ngozi. Na hapo ghafla gitaa la umeme halitanii tena. Ule mtetemo wa mkono ambao Wamarekani waliuona mpya, yeye alikuwa nao kwenye muziki wa kwao tangu zamani. Beethoven wa Terauchi nimemsikiliza mara tano. Tsugaru yake nimepoteza hesabu.

Nikawa nimepata nadharia nzuri: mwizi ni yule anayeiba kwa jirani, na msanii ni yule anayechukua kwa mjomba wake. Safi kabisa, ingependeza kwenye makala. Tatizo ni kwamba mjomba wangu mimi si Mhindi. Alichukua kwa jirani, waziwazi, kutoka kwenye sinema ambazo lugha yake hakuielewa. Kwa nadharia hiyo bado ni kasuku.

Kilichoniokoa ni bendi ya watu waliofunika nyuso. Los Straitjackets wa Nashville hupanda jukwaani wamevaa vinyago vya wacheza mieleka wa Mexico, suti nadhifu, minyororo ya dhahabu kifuani, na kiongozi wao huwahutubia Wamarekani wenzake kwa Kihispania kibovu cha makusudi. Sina uhakika kama Mmexico anayehudhuria anafurahi au anavumilia tu. Mtu akivaa shuka la Kimasai na kuongea Kimaa cha kubabaisha mbele yangu ili watu wacheke, ningeangalia saa yangu. Nayasema haya kwa sababu sitaki kujifanya sikuyaona.

Mwaka 1999, kwenye albamu ya The Velvet Touch of Los Straitjackets, walipiga "My Heart Will Go On". Ndiyo, ile ya Titanic. Miaka miwili ulimwengu mzima ulikuwa umelazimishwa kuusikiliza wimbo huo, na hapa watu waliovaa vinyago wanausogelea na magitaa. Nilibonyeza nikiwa nimeshajiandaa kucheka. Nilicheka, kwa sekunde kama kumi. Halafu kicheko kikakauka, kwa sababu hawaubezi. Wanaupiga sawasawa, taratibu pale panapotakiwa taratibu, kila noti imeshikwa na kuachiliwa kwa adabu. Ukiiondoa ile sauti kubwa ya Celine Dion, na meli, na maji, na machozi ya bure, unasikia kwamba chini yake kuna mahadhi madogo, yenye haya, ambayo hayakuwahi kupata nafasi ya kusikika. Watu waliovaa vinyago ndio waliouvua ule wimbo kinyago chake. Uso unacheka, mkono haucheki.

Nikarudi nyuma na kipimo hicho nikaona kinafanya kazi kila mahali. Ventures kwenye "Sleigh Ride": utani uko kwenye wazo, lakini lile gitaa liko makini kama fundi anayepanga matofali. Surfaris wanacheka mwanzoni halafu hakuna anayecheka tena, wanapiga ngoma kama wanafukuzwa. Trashmen wanabwata upuuzi kwa bidii isiyo ya kawaida (bado wangemtaja mwenyewe, hilo halifutwi na bidii). Na wale wa nyimbo za katuni wanashindwa kwa sababu wanacheka na mikono pia. Noti zinapigwa nusunusu, kana kwamba wanakukonyeza jicho kukwambia usijali, hata sisi hatuupendi wimbo huu.

Kasuku haupendi wimbo. Hilo ndilo nililokuwa sijaliona pale mezani. Kuiga kwa mjomba kulikuwa na kazi ndani yake. Alikaa sinema mara tatu, nne, kushika mahadhi, kwa sababu hakukuwa na simu ya kurekodia. Ilibidi aikunje tuni ya Kihindi ili mizani ya shairi la Kiswahili ikae bila kuvunjika, na mizani ya Kiswahili haina msamaha. Na wasikilizaji wake walikuwa wameiona sinema ileile. Walipoisikia tuni walimkumbuka mwigizaji na machozi yake, halafu maneno yakaja na fumbo la jirani wa mtaa wa pili, na daraja lile la Ventures likajengwa hapohapo ukumbini, huku wanawake wakitunza.

Disemba iliyopita nilishuka Mombasa nikiwa na simu na kispika kidogo. Sikumwomba radhi, sisi si watu wa hivyo. Nilimwekea "Misirlou". Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kahawa mkononi.

"Hijazi," akasema. Halafu, "Mpigaji ni Mwarabu?"

"Mmarekani, mjomba. Ila baba yake ni wa Lebanon."

"Wajua, udi huo. Kaushika vizuri." Akanyamaza. "Lakini akimbilia wapi?"

Nikamwekea ya Titanic. Hapo alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Si kwa sababu ya vinyago, vinyago nilikuwa sijamwonyesha. Alinieleza kwamba mwaka ule sinema ilipofika, kila bibi arusi aliutaka wimbo huo, na yeye Kiingereza chenyewe hakikumkaa ulimini, kwa hiyo walikuwa wakiupiga bila maneno, kwa kinanda na fidla, mwendo wa taarab, bwana arusi anapoingia. Walipata kutuzwa sana kwa wimbo huo, akasema. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui.

Nilimwonyesha picha ya bendi. Akaisogeza simu karibu na macho, akaitazama suti, minyororo, vile vinyago vya rangi ya dhahabu.

"Hawa waona haya?"

"Hapana, mjomba. Ni mchezo."

"Mkono wake hauna mchezo huyu," akasema, akimgusa wa kushoto kwenye kioo.

Akanituma chumbani nikalete kinanda, kiko chini ya kitanda, kimefunikwa leso. Kilikuwa na vumbi na kitufe kimoja cha katikati hakitoi sauti. Akaanza "Titanic" polepole, akifika kwenye kitufe kile anakiruka na kuingia kwenye noti ya jirani yake, na kwa vile alikuwa akiruka mahali palepale kila mara, wimbo ukaanza kusikika kama ulitungwa hivyo. Shangazi akauliza kutoka jikoni ni arusi ya nani.